Diski Iliyokwama na Sauti ya Bibi

Juma lililopita tuliazimia kuwasikizisha watoto sauti ya bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi twakaa Ruiru, mbali na Mombasa alikozikwa, na sauti yake haikubaki popote ila katika DVD moja ya harusi, akiwahimiza wageni waongeze pilau. Tulipokwisha kutazama, tukabonyeza kitufe cha kuitoa diski. Kompyuta ikanguruma, trei isifunguke.

Mmoja wetu akaleta kisu, tukamzuia. Trei ikilazimishwa huvunjika, na diski, ambayo unene wake ni milimita 1.2 tu, huweza kupasuka. Tukampigia simu shemeji yetu wa Thika, fundi wa kompyuta, naye akatuelekeza hivi.

Kwanza, funga programu zote zinazoitumia diski, kisha ujaribu tena kitufe. Ikishindikana, zima kompyuta kabisa na uchomoe waya wa umeme, ili diski iache kuzunguka. Tazama usoni mwa trei: pana tundu dogo mno. Nyoosha klipu ya karatasi, uitie humo moja kwa moja, usukume polepole mpaka ukutane na kizuizi, kisha ongeza nguvu kidogo. Trei itachungulia, ivute taratibu kwa vidole. Sisi tulianza na pini ya ushungi, ikapinda kwa wembamba wake. Kompyuta ambazo diski hupenyezwa katika ufa, pasi na trei, kwa kawaida hazina tundu hilo. Hizo mpelekeeni fundi.

Alhamdulillahi, diski ilitoka nzima. Jumamosi tukaifikisha Thika pamoja na kompyuta. Shemeji alikuta ukanda mdogo wa mpira unaosukuma trei umelegea kwa uzee. Kabla ya kuubadilisha, aliinakili harusi yote kwa kompyuta yake, akatupa nakala mbili: moja tukae nayo Ruiru, nyingine tuipeleke Mombasa.

Nyumba zetu nyingi zina diski kama hiyo kabatini, na kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kuzitia. Tusingoje zikwame. Sauti ya mzee aliyetangulia ni amana, na amana haiwekwi mahali pamoja tu.