Kamera isiikwepe lami ya Mikumi

Barabara kuu iendayo Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na abiria wa mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea huwaona tembo, twiga na nyati dirishani bila kulipa kiingilio. Kwa mpiga picha za wanyamapori lami hiyo ni nuksi. Atasubiri lori la mafuta lipite, atageuzia kamera upande wa mbuga ya Mkata, atafuta mlio wa honi, ili mtazamaji aliye mbali aamini anaangalia nchi isiyo na mtu. Hoja yangu ni kwamba kile kinachofutwa ndicho chenye maarifa, na anayeyakosa maarifa hayo ni mkazi wa Kilosa na Mikumi, anayeishi na wanyama hao mwaka mzima.

Desturi hii ina umri mkubwa. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka mwaka 1959 ikapata tuzo ya Oscar. Iliwafanya Wazungu wengi waipende Serengeti, lakini Wamasai walionekana humo zaidi kama tatizo kuliko kama wenyeji. Miaka michache baadaye dunia ikaonyeshwa sokwe wa Gombe na Jane Goodall. Mwaka 2022 ikaja filamu ya Royal Tour, safari hii Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mwenyeji na mwongoza watalii. Kila moja ilikuwa na faida yake, na zote zilimlenga mtazamaji aliye ng'ambo. Hata chaneli ya Tanzania Safari iliyoanzishwa na TBC mwishoni mwa 2018 ilizaliwa kwa kazi ya kutangaza vivutio. Kutangaza kivutio na kueleza jambo ni kazi mbili tofauti.

Tuchukue mfano wa Kilosa, ambako historia, sayansi na mashine vinakutana katika bonde moja. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe waliifuatisha mto, kwa kuwa garimoshi la mvuke lilishindwa milima mikali na bonde lilitoa njia rahisi. Urahisi huo tunaulipia mpaka leo. Maji yanayoshuka kutoka nyanda kame za Dodoma kwa jina la Kinyasungwe, kisha yakaitwa Mkondoa, hubeba mchanga na tope jingi. Yakifika kwenye tambarare hupunguza kasi na kuutua mzigo huo, kina cha mto kinapungua mwaka hadi mwaka, na masika yakikolea maji hutafuta njia nyingine. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli, yakaingia mjini Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Reli mpya ya SGR imekwepa sehemu ya balaa hilo kwa kutoboa milima: moja ya mahandaki yake katika eneo hilo lina urefu wa zaidi ya kilometa moja. Tangu 2024 abiria wa treni ya umeme hupita humo gizani kwa sekunde kadhaa, wakarudi kwenye simu zao. Hakuna anayewaambia kwa nini handaki lipo hapo, wala kwamba shamba linalolimwa hovyo kule juu Dodoma lina uhusiano na tope linaloingia sebuleni Kilosa. Filamu ya dakika 50 ingeyaeleza yote hayo, na isingehitaji simba hata mmoja.

Wanyama nao wana habari ambayo picha za machweo haziigusi. Ujangili uliotangulia marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe za ndovu, iliyopitishwa mwaka 1989, uliwaua tembo wengi wa Mikumi, hasa wakubwa wenye pembe nzito. Watafiti walikusanya kinyesi cha majike waliosalia, wakapima homoni na vinasaba bila kumgusa mnyama, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo: majike wasio na ndugu wa karibu kundini, waliokosa bibi wa kuwaongoza, walikuwa na msongo mkubwa zaidi na walizaa kidogo kuliko wenzao, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Utafiti huo umesomwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Mkulima wa Tindiga au Kilangali, anayekesha kwenye dungu akipiga debe ili tembo wasimalize mpunga wake, ana haki ya kuusikia kwa Kiswahili. Ana haki pia ya kuuliza swali ambalo mtafiti hakuliuliza: je, kundi lisilo na mkubwa ndilo linalokuja shambani? Kipindi kizuri kingelifuata swali hilo hadi mwisho wake.

Na hiyo lami yenyewe? Kuna vibao vya mwendo na orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa, lakini wanyama bado wanagongwa. Kibao humwambia dereva apunguze mwendo, hakimwonyeshi kwamba ukiongeza mwendo maradufu, gari litahitaji karibu mara nne ya umbali kusimama tangu breki zishike. Weka kamera juu ya lori lililosheheni, usiku, pundamilia wakivuka: hapo fizikia, mashine na uhifadhi vimeingia kwenye picha moja.

Wapo watakaosema kwamba picha za mizoga, mafuriko na mahindi yaliyokanyagwa zitawafukuza watalii. Hofu hiyo si ya kubeza, maana fedha za utalii zinalipa mishahara ya askari wa wanyamapori. Lakini Mikumi ni hifadhi ambayo mtalii wa ndani hufika kwa basi la shule, na mizoga huiona mwenyewe kandokando ya barabara. Anachokosa ni maelezo. Wengine watataja gharama. Kumsubiri chui kwa miezi mitatu ni ghali, kweli. Mto, reli na barabara havikimbii, na wataalamu wa wanyamapori, udongo na maji wapo Chuo Kikuu cha Sokoine hapo hapo Morogoro.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba watu wetu wanataka mpira na tamthilia tu. Vibanda umiza, vile vya mitaani vya kuonyeshea video, vinasema vingine. Wasimulizi kama Derek Mukandala, maarufu Lufufu, waliwavutia watazamaji kwa kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni ambazo lugha yake watu hawakuielewa. Kabla yao, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, chini ya Meja Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge. Filamu zilizungushwa kwa lori, sauti ya Kiswahili ikitoka kwenye santuri. Waliozitengeneza walimwona Mwafrika kama mtoto wa kufundwa, na mengi waliyoyasema hayafai kurudiwa. Hata hivyo walijua kwamba filamu ya elimu lazima iseme lugha ya watazamaji na iwafuate waliko, jambo ambalo sisi, wenye satelaiti na intaneti, bado tunasuasua nalo.

Pa kuanzia papo. Kampuni ya nje haipigi filamu ndani ya hifadhi bila kibali wala bila kulipa ada. Kibali hicho kiongezwe sharti moja: kazi ikikamilika, nakala yenye usimulizi wa Kiswahili ikabidhiwe, TBC iwe na haki ya kuirusha bila malipo, na ionyeshwe kwanza katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Sehemu ya ada iende kwa vijana wa Kitanzania watakaotengeneza kile ambacho mgeni hatakitengeneza, na kazi yao ya kwanza iwe kuufuata Mkondoa kutoka Gulwe mpaka Kilosa, kabla ya masika yajayo.