Picha ya nyama haionyeshi saa za kazi

Kila mwaka, hasa mwezi wa tano na wa sita wakati vijana wanapomaliza masomo huko Marekani, picha za aina moja zinajaa kwenye simu za watu wa Bukavu, Uvira, Goma na Bunia. Ni meza yenye kitambaa cheupe na glasi zinazong'aa. Pembeni amesimama mhudumu mwenye suruali pana na buti, ameshika chuma kirefu kilichochomekwa nyama inayotoa mafuta. Ndugu waliovaa vizuri wanacheka. Chini wameandika: Mungu ni mwema.

Saa moja haipiti, ujumbe unaanza kuingia. «Yaya, tunaona muko muzuri huko. Na sisi je?» Kesho yake inafuata picha ya kartasi ya minerval, halafu ya ordonansi ya mgonjwa. Aliyekula nyama anajuta kuweka picha. Aliyeandika kutoka nyumbani anasema ndugu yake amekuwa na roho ngumu. Ugomvi unazaliwa juu ya sahani ambayo mmoja tu kati yao anajua bei yake.

Restora hizo za Kibrazili zinaitwa churrascaria. Asili yao si utajiri. Wachungaji wa ng'ombe wa kusini mwa Brazili, katika jimbo la Rio Grande do Sul, walikuwa wanachoma nyama porini kwa moto wa kuni na chumvi ya mawe, basi. Baadaye restora zikachukua upishi huo na kuweka utaratibu wa rodízio: mteja analipa bei moja, wahudumu wanazunguka na vyuma vya nyama, wanamkatia mezani mpaka ashibe. Kampuni moja inayojulikana sana, Fogo de Chão, ilianzia Porto Alegre mwaka 1979, na mwaka 1997 ikafungua restora yake ya kwanza Marekani, huko Addison karibu na Dallas. Tangu hapo upishi wa wachungaji umekuwa chakula cha sherehe cha watu wenye mshahara mzuri.

Si ajabu Wakongomani kuipenda. Kuna nyama ya moto, wali, maharagi meusi na ndizi za kukaanga. Kuna farofa, yaani unga wa muhogo uliokaangwa, na mikate midogo ya chizi inayotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Muhogo wenyewe ulitoka upande huo wa Amerika, Wareno wakauleta Kongo kwa merikebu zao. Kwa mtu wa Fizi au Walungu anayeishi Texas, hiyo ni kati ya meza chache za kizungu zinazomkumbusha karamu ya nyumbani.

Lakini bei yake si ya karamu ya nyumbani. Katika restora kubwa za aina hiyo huko Marekani, chakula cha jioni cha mtu mzima mmoja kinapita dola 60. Kinywaji kinalipwa pembeni. Kodi ya serikali inaongezwa juu. Halafu kuna bakshishi ya mhudumu, ambayo kwa desturi ya huko ni karibu asilimia 20, na kuikataa ni aibu. Mtu akihesabu yote, anafika karibu dola 90.

Tuseme aliye kwenye picha analipwa dola 18 kwa saa. Sahani yake ni saa tano za kazi, kabla ya kukatwa kodi. Akiwalipia watu wazima wanne, ni saa ishirini, nusu ya wiki nzima. Na kazi yenyewe ni ipi? Wakongomani wengi waliopokelewa kama wakimbizi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, kama kule Waterloo katika jimbo la Iowa. Wanasimama kwenye baridi, kisu mkononi, wakirudia mkato mmoja mara maelfu kwa siku, mpaka vidole vinakakamaa. Mtu anayekata nyama mwaka mzima akaamua siku moja kukaa na kukatiwa na mwingine, hajafanya kosa.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi nyumbani hazijui. Wakimbizi waliopelekwa Marekani kwa kawaida walipewa tiketi ya ndege kwa mkopo, si bure. Baada ya kufika walitakiwa kuulipa kila mwezi. Familia ya watu saba ilianza maisha mapya ikiwa na deni la tiketi saba. Juu ya deni hilo kuna kodi ya nyumba, gari la kumfikisha kazini, na asuransi ya hilo gari. Hakuna anayeweka deni kwenye statu ya WhatsApp.

Hata hivyo, lawama haiwezi kuwekwa upande mmoja. Walio nyumbani hawaandiki ujumbe kwa tamaa tu. Baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Wafanyakazi wengi walipoteza kazi, na kwa jamaa nyingi pesa inayoingia kwa simu kutoka kwa ndugu wa ng'ambo ndiyo ikabaki njia ya kupika. Mama anayelala bila kujua watoto watakula nini asubuhi, akifungua simu na kuona nyama ya aina kumi, ataumia. Hilo si wivu. Na wapo ng'ambo wanaokwenda kwenye meza hizo kila mwezi huku simu ya mama yao mgonjwa ikilia bila kujibiwa. Hao wanastahili maneno wanayoambiwa.

Tatizo kubwa ni kificho. Walio ng'ambo wanaonyesha meza, wanaficha kartasi ya mshahara. Wengine wanafanya hivyo kwa makusudi, juu wanataka kuonekana wamefaulu. Wanaona haya kusema wanasafisha sakafu usiku. Sifa hiyo inawarudia kama madai. Aliyejionyesha tajiri hawezi kushangaa akiombwa kama tajiri.

Walio nyumbani nao wanaficha. Pesa iliyotumwa kwa minerval inalipa jambo lingine, na hakuna anayesema. Ugonjwa mmoja unaombewa pesa kwa ndugu watatu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Anapogundua, hata ombi la kweli linalofuata analitilia shaka, na anayeumia ni mgonjwa.

Dawa yake si ngumu. Aliye ng'ambo awaambie wakubwa wa familia ukweli: analipwa kiasi gani, nyumba inakula kiasi gani, kinabaki nini. Kisha waelewane juu ya kiasi kinachotumwa na tarehe yake, hata kama ni dola 50 tu kwa mwezi. Mama anayejua kwamba tarehe 5 zinaingia dola 50 anaweza kupanga unga na makala. Anayepata dola 200 siku moja, kisha kimya cha miezi minne, anaishi kwa kukopa. Na anayepokea atume jibu la namna pesa ilivyotumika, bila kungoja kuulizwa.

Katika churrascaria, mteja anapewa kadi ndogo yenye pande mbili. Ya kijani ikiwa juu, wahudumu wanaendelea kuleta nyama. Akigeuza nyekundu, wanapita bila kinyongo. Akipumzika anaweza kurudisha kijani. Kwenye familia za Kivu na Ituri, aliye ng'ambo akisema mwezi huu hana, anaitwa msaliti. Matokeo yake yanajulikana: anabadilisha namba ya simu, anapotea miaka, na familia inakosa hata zile dola 50.

Anayeruhusiwa kusema «mwezi huu sina» atabaki anajibu simu. Na mwaka ambao kijana wa kwanza wa ukoo anapata diploma katika lugha aliyojifunza akiwa mkubwa, wazazi wake wana haki ya kumketisha kwenye meza ya nyama jioni moja. Picha ikifika Bukavu, swali la kwanza liwe: «Mulifurahi?» Mambo ya minerval yazungumzwe tarehe 5, kama walivyoelewana.