Barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga: majina ya malenga wanawake kwenye vibao vya barabara

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani,

Katika mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, watu huelekezwa kwa namba za barabara. Dereva wa bajaji akitajiwa Barabara ya Nane au ya Kumi na Mbili haulizi zaidi. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti, ilisimamisha nguzo za vibao nchini kote. Kwa kuwa nguzo zipo, Baraza linaombwa kuziachia barabara namba zake na, chini ya namba, kuzipa baadhi yake majina ya wanawake waliotunga na kuimba mashairi ya pwani hii.

Wa kwanza ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi wa kuheshimiwa, lilimjia baadaye kwa sababu ya sauti yake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani nzima. Hakuimba mapenzi tu. Wimbo wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke na kesi ambayo machungu yake yaliwaangukia mashahidi, nao ni wanawake, huku muuaji akiwa amekwisha kukimbilia bara. Bibi huyu alifariki mwaka 1950.

Tanga inahusika naye moja kwa moja. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karibu na Machui, aliyetambua mapema kwamba maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kitabu. Jina la Shaaban Robert limo kwenye barabara na shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, na ni haki yake. Ingekuwa vyema mji wake wa nyumbani uliweke barabarani jina la mwanamke aliyemwona anafaa kuandikiwa.

Mwana Kupona binti Msham anatoka mbali kidogo, Pate, na alifariki katika miaka ya 1860. Utenzi wake wa mwaka 1858, aliomtungia bintiye Mwana Hashima, umesomwa na kukaririwa na vizazi vingi vya Waswahili. Anaweza kuonekana mgeni kwa Tanga, lakini alipotunga mpaka wa Horohoro haukuwapo, na majahazi ya kaskazini yalitia nanga katika bandari hizihizi. Zaidi ya hayo, wanawake wengi waliotunga kwa ajili ya harusi na ngoma hawakuandikwa majina, na tungo zao zimebaki bila mwenyewe. Kibao cha Mwana Kupona kingewakumbusha wapita njia kwamba walikuwapo.

Wa karibu zaidi ni Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ambaye sauti yake iliipa Black Star Musical Club ya Tanga umaarufu Afrika Mashariki yote. Alifariki Agosti 2016. Kwake yeye neno la kuandika ni "mwimbaji", maana kumwita mtunzi wa kila alichoimba kungewanyima haki walioandika mashairi yake. Jina lake lingefaa upande wa jiji unaoelekea Pangani.

Uandishi wenyewe uangaliwe sana. Herufi zikipungua, nasaba hupotea: "S. B. Saad" hamwelezi mtu yeyote, na "binti" ni sehemu ya jina, si pambo. Kibao kimoja kingesomeka hivi: juu namba ya barabara, chini yake, kwa herufi kubwa, Siti binti Saad, na mstari mdogo wa mwisho, "Malenga na mwimbaji. Fumba, mnamo 1880 – Unguja, 1950." Mtoto anayesubiri daladala ataumaliza kuusoma kabla gari halijafika.

Pendekezo lianzie kwenye mikutano ya mitaa, wakazi wakubaliane jina lipi likae barabara ipi, kisha lipande kwenye kamati za maendeleo za kata na kufikishwa Barazani. Kwa kuwa namba hazifutwi, hakuna hati ya nyumba wala leseni ya duka itakayohitaji kuandikwa upya.