Dogo Kaunda Ndege ya Kivita Kamsamba, Nyie Mnauliza "Inaruka?"

Wadau, klipu ya dogo wa Kamsamba mmeshaiona, maana imezunguka kila grupu, hadi lile la mchango wa harusi. Kwa asiyepajua, Kamsamba ni wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Unaiacha Tunduma na foleni yake ya malori, unashuka mpaka bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mpunga. Huko dogo kaegesha uani ndege ya kivita ya bati, waya na maboksi. Na chini ya video, kama kawaida yetu, makundi mawili. La kwanza: "Serikali imuone, apelekwe China." La pili: "Inaruka hiyo? Kama hairuki atuache tulale."

Mimi naona makundi yote mawili hayajaiangalia ndege yenyewe.

Rudini muisimamishe video kwenye pua. Kuna tundu la duara, na katikati ya tundu imechomoza koni. Mabawa ni pembetatu. Dogo hajabuni tu kitu kinachofanana na ndege, ile ni MiG-21. Ni ndege ya Kisovieti, ziliundwa zaidi ya 10,000, Wachina wakawa na yao wanayoiita J-7, na jeshi letu lilikuwa na MiG-21 wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Lile tundu la puani ndiko injini inakovutia hewa. Koni yake, nikitazama vizuri, ni faneli ya kumiminia mafuta iliyogeuzwa.

Sasa njooni kwenye vipimo, hapo ndipo nilipomvulia kofia. MiG-21 halisi ni mita 7.15 kutoka ncha ya bawa moja hadi lingine, na urefu wake ni karibu mita 15. Yaani ni nyembamba, ndefu, kama mkuki uliofungwa mabawa. Ya dogo ina mabawa ya mita moja na mwili wa mita mbili na kidogo. Piga hesabu, ni skeli ya 1:7, na imekaa. Watu wengi wakiunda ndege kwa kukisia, mabawa yanakuwa marefu kuliko mwili.

Ina kasoro, ndiyo. Matairi ya ndala ni manene mno, na kioo cha rubani ni kikubwa utadhani cha Coaster. Ile rangi ya bluu ni ya geti, hakuna ubishi. Lakini hizo ndizo komenti zinazomsaidia mtu kurekebisha kazi. "Inaruka?" inamsaidia nini?

Japani kuna mji unaitwa Shizuoka, nyumbani kwa kampuni ya Tamiya, wanaotengeneza modeli za kuunganisha. Kila mwaka kuna maonyesho makubwa ya modeli pale. Watu wazima, wenye kazi zao na familia, wanapanga mezani ndege za skeli ya 1:72. Kwa skeli hiyo MiG-21 ina mabawa ya sentimita 10 tu. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima anapaka rangi kiti cha rubani kinachokaa juu ya ukucha. Hakuna anayemfuata kumuuliza itapaa lini. Wanamuuliza rangi hiyo kaipataje.

Huku kwetu modeli haina nafasi. Ukiunda kitu chenye mabawa, lazima uwe mvumbuzi au tapeli. Kumbukeni ile helikopta ya fundi wa Tunduma, mkoa wa Songwe ukiwa bado mchanga. Picha zilienda hadi nje ya nchi, na ubishi ukawa huohuo, itapaa, haitapaa. Yule angalau alidhamiria helikopta ya kupanda watu. Huyu dogo yeye aliunda modeli, na alisema hivyo mwenyewe kwenye klipu ya kwanza, ile ambayo hamkuitazama kwa sababu haina muziki.

Kinachonikera zaidi ni jamaa mmoja mwenye akaunti kubwa, simtaji, mnamjua kwa miwani. Kaenda Kamsamba na kamera yake. Klipu ya pili dogo kashaanza kusema "nitairusha Desemba." Ya tatu wanapima injini ya pikipiki. Jamani! Bati na maboksi, injini ya bodaboda, na mtoto wa watu ndani? Ikifeli tutamcheka mwaka mzima. Ikiinuka mita tatu halafu idondoke, hatutacheka. Na jamaa wa miwani atakuwa keshakula viuzi vyake, yuko mkoa mwingine.

Dogo, kama unasoma hapa, hudaiwi kuruka na mtu yeyote. Injini ya watu irudishe.

Nilimpata juzi kupitia simu ya mjomba wake, nikamuuliza anahitaji nini. Nilitegemea aseme hela. Kasema hajawahi kuona picha ya MiG-21 kwa chini, pale matairi yanapoingilia, ndiyo maana kapaziba kwa boksi jeusi. Mwenye picha safi ya upande huo aitupie hapa chini, nitamfikishia.