Stata inalia, gari haliwaki: mchawi nani?

SIKU hizi chache nilikuwa Ndama, kule Karagwe, kwa mjomba, na nimerudi na kituko ambacho lazima nikugawie.

Mjomba ana Toyota IST ya kubebea abiria, Kayanga na Omurushaka. Jumatatu alfajiri anapiga stata: nye-nye-nye-nye! Injini inazunguka safi kabisa, lakini kuwaka, hola. Anarudia, nye-nye-nye-nye! Majirani wote macho. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya marejesho ya mkopo alionunulia gari hilohilo. Mkaza mjomba siku hiyo chai haikumpita kooni.

Akaitwa fundi. Bwana yule hakuuliza hata swali moja. "Plagi hizo, mzee." Zikanunuliwa mpya nne. Wapi! Jumanne akahamia kwenye betri. Ikanunuliwa. Wapi! Jamani, mimi nimeishia kidato cha nne na gereji naijua kwa kupita tu, lakini betri iliyokwisha itazungushaje injini kwa nguvu namna ile? Nikathubutu kuuliza. Nikaambiwa dada, haya mambo ya wanaume. Nikanyamaza zangu.

Jumatano fundi akataja kontroo boksi. Kusikia bei, mjomba akakaa chini kwenye tofali.

Hapo ndipo akatokea mzee jirani, dereva mstaafu wa malori. Huyu alianza na maswali. Mafuta yapo? Mshale unaonyesha robo. Mshale hudanganya, akasema, akaagiza lita tano zimiminwe. Taa ya alama ya ufunguo inametameta kwenye dashibodi? Hapana. Ingekuwa inametameta, huenda gari limeukataa ufunguo, na hapo hata ubadilishe plagi mia ni bure.

Akasema injini ya petroli inadai vitu vitatu, tena kwa wakati wake: mafuta, cheche, na hewa iliyobanwa. Kazi ya fundi ni kujua kipi hakipo kabla ya kugusa pochi ya mtu. Akaamuru stata ipigwe sekunde chache tu, maana ukiing'ang'ania unaichoma na betri unaimaliza. Yeye kasimama nyuma, anasikiliza. Mlio ungekuwa mwepesi kupita kawaida, kama injini haina mzigo, angeshuku taimingi. Ulikuwa wa kawaida. Kisha akainama akanusa bomba la moshi. Nilicheka, nakiri.

"Hakuna harufu ya petroli," akasema. Ingekuwapo, mafuta yanafika na cheche ndiyo haipo. Au injini imelewa mafuta, na hapo unakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku ukipiga stata, ipate hewa. Lakini kwetu palikuwa pakavu. Basi ni njia ya mafuta: fyuzi, rilei, pampu au waya wake.

Fyuzi nzima. Rilei akaibadilishana na nyingine ya aina ileile humohumo kwenye boksi, hali ileile. "Jumapili gari lilibeba nini?" Mjomba akakumbuka gunia mbili za maharage, zililala kwenye kiti cha nyuma mpaka asubuhi.

Pampu ya gari lile iko ndani ya tanki, na tanki liko chini ya kiti hichohicho. Mzee akafungua milango yote hewa ipite, akachomoa waya wa betri, ndipo akang'oa kiti. Msomaji, tukakuta maharage yamezagaa, mavi ya panya, na waya wa pampu umetafunwa ukabaki nywele! Ukaungwa, ukafungwa kwa utepe vizuri. Stata mara moja tu: vuuum! Mkaza mjomba akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Mjomba alipiga kazi Alhamisi mpaka usiku, lakini fedha ya plagi na betri hairudi kwa siku moja. Ijumaa marejesho yalikwenda pungufu, akapewa wiki moja. Ile betri ya zamani, ambayo sasa tunajua ilikuwa nzima, fundi aliondoka nayo Jumanne, eti akaitupe. Mkaza mjomba amejifunga kanga kwenda kuidai. Nikipata habari zake, nitakumegea.