BOGA LILILOBAKI SIYO HASARA, HASARA NI PUPA YAKO

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo nasema kwa uchungu.

Hapa Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Zikikata, maboga yanajaa sokoni, bei inaanguka. Mwaka jana nilibaki na 14. Nikaogopa, nikayaachia kwa bei ya kutupa. Julai wateja wananiulizia WhatsApp, sina hata moja!

Kwa maoni yangu tunajitakia wenyewe. Boga zima lililokomaa, lenye kikonyo chake, halina haraka. Liweke pakavu penye hewa, linakaa miezi 2 hadi 3. La kukimbiza ni lililokatwa au kuchubuka. Hilo lipike siku hiyohiyo: maji kidogo, chumvi, tui la nazi, posti asubuhi kabla watu hawajanywa chai. Mbegu osha, anika, kaanga, funga pakiti uuze.

Ila lililooza usipike, tupa. Mteja wa mtandaoni haonji kabla ya kulipa. Ukimlisha ubovu mara moja, haagizi tena, na shoga zake wote watajua.

Wewe yakibaki unayafanyaje? Tuambie hapo chini.