Mazoezi ya uwanjani si ya wenye raba na taiti pekee

Pita kwenye uwanja wa mtaa wako hapa Nairobi Jumamosi asubuhi. Muziki umefunguliwa hadi mwisho, kocha kashika kipaza sauti, vijana wanaruka na kutoka jasho. Ni jambo zuri sana. Sasa angalia tena, uone nani hayupo.

Msabato hayupo, kwani Jumamosi ni siku yake ya ibada. Dada wa Eastleigh aliyevaa buibui hayupo pia: kocha ni mwanamume, kila mtu amevaa taiti, na uwanja umepakana na steji ambapo makanga wanapiga miluzi. Mama Mkongo anayeishi Kayole anasimama kando ya ua. Kiswahili anakijua, lakini Sheng ya kocha inampita.

Utaniambia, "Bana, hakuna aliyefukuzwa. Uwanja ni wa wote, mtu akuje tu." Jibu hili nimelisikia mara nyingi na silikubali. Ukipanga siku, saa, mavazi na lugha ukiwafikiria marafiki zako tu, watakaokuja ni marafiki zako tu. Presha na kisukari haviulizi mtu anaswali wapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora. Hata Uhuru Park, ambayo Wangari Maathai aliipigania mwaka wa 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60, ilibaki kwa ajili ya kila mkazi wa jiji hili.

Niliwahi kuhudhuria kambi ya afya uwanjani, kipimo bure. Hema halikuwa na pazia. Kijana mmoja alikuwa akiwapima akina mama kiuno mbele ya foleni nzima, huku akitaja uzani wa kila mmoja kwa sauti. Wawili walijifunga mitandio yao vizuri, wakaondoka bila kupimwa presha waliyoifuata. Leso mbili na kamba zingetosha kuwabakisha, pamoja na muuguzi wa kike.

Kuhusu mavazi, FIFA iliruhusu hijabu uwanjani mwaka wa 2014, na mpira wa vikapu ukafuata 2017. Basi kikundi cha mtaa kinashindwa na nini? Dera na suruali ndani yake ni vazi tosha la kutembea kilomita tatu.

Ramadhani nayo haina jibu moja. Kumwita aliyefunga aje kuruka saa nne asubuhi, halafu umpe chupa ya maji, ni kumfanyia mzaha. Wapo wanaopenda kutembea polepole muda mfupi kabla ya futari. Wengine wangependa baada ya tarawehe, lakini usiku, kwa msichana anayerudi nyumbani peke yake, mambo ni mengine. Hapo huwezi kubahatisha, ni lazima uulize.

Sisemi kila jamii iwe na kikundi chake. Hapana, tumegawanyika vya kutosha msimu wa siasa. Nasema ratiba iwe na siku mbili badala ya moja, pawe na kocha wa kike, na maagizo yatolewe kwa Kiswahili ambacho hata mgeni atakifuata.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kutembea nyumba kwa nyumba. Kama wewe ndiye unayeshika kipaza sauti Jumamosi hii, mtafute wa mtaa wako kabla hujabandika bango. Mwulize ni nyumba zipi hazijawahi kuleta mtu uwanjani, halafu nendeni pamoja mkapige hodi.